Huruma Yaweza Kuwa Ukuta

Je, kumhurumia mtu ni sawa sikuzote na kumpenda? Tumtazame Cyrus Habib wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1981. Kansa ya macho ilimpofusha kabisa akiwa na umri wa miaka 8. Shuleni walimu walimzuia asicheze na wenzake uwanjani, wasije wakamwona ameumia. Mama yake aliwaendea, akasema kwamba mkono wa mtoto ukivunjika ataweza kuuuguza, lakini moyo ukivunjika hataweza kuuunga. Kisha akamfundisha mwanawe uwanja ule hatua kwa hatua.

Mtoto huyo akawa mwanasheria, na kuanzia mwaka 2017 hadi 2021 alikuwa Naibu Gavana wa jimbo la Washington. Mwaka 2019 aliupanda Mlima Kilimanjaro.

Walimu wale hawakumchukia, walimhurumia. Nasi je? Kipofu akiingia kanisani twamkalisha pembeni, twampa sadaka, wala hatumpi kazi. Bwana Yesu hakumfanyia Bartimayo hivyo; alimwuliza kwanza anataka nini. Basi, tuanze kwa kuuliza.