Je, Kutibu Kifafa ni Kubadili Alichoumba Mungu?

Ndugu mmoja wa Pangani, ambaye angali anaitafuta haki, ameuliza swali zito. Mwanawe huanguka kifafa, na vidonge vya aina mbili havikumfaa. Amesikia kuwa wataalamu wanajaribu kuingiza jeni katika ubongo wa mgonjwa. Je, huko si kubadili alichoumba Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Kurani Tukufu, Sura An-Nisaa, yalihesabu kuwa amri ya Shetani? Si afadhali mtoto asubiri?

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi pwani husema mwenye kifafa amepandwa na jini, wakampeleka kwa mganga apungwe. La hasha! Kifafa ni maradhi ya ubongo, wala hakiambukizi kwa mate au povu. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa, na wagonjwa waliotengwa na jamaa zao walipata nafuu kwa vidonge vya fenobarbitali. Kama lingekuwa jini, kidonge kingelifukuzaje?

Ama hiyo jeni, katika majaribio hubebwa na kirusi kilichoondolewa madhara, hata ifike mahali kifafa kinapoanzia, ili itulize seli zilizochafuka. Haikusudiwi kurithiwa na wana. Basi tutazame kusudi. Mwenye kuunga mfupa uliovunjika habadili alichoumba Mungu, bali hukirejesha. Lakini atakaye kuwachagua wanadamu kama mkulima achaguavyo mbegu, huyo amevuka mpaka.

Na subira je? Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume Mtukufu s.a.w., akalalamika kuwa akianguka hufunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akataka aombewe asifunuke, naye akaombewa. Tazama, ndugu msomaji! Subira aliichagua mgonjwa mwenyewe, na hata hapo hakunyimwa nafuu aliyoihitaji. Kumchagulia mtoto subira ilhali dawa ipo si subira, bali ni uzembe wetu tuliouvika joho la dini.

Hata hivyo tiba ya jeni ingali majaribio. Mzazi asikae akiingoja. Amrudishe mtoto hospitali, ihakikishwe kwamba dawa zilimezwa kwa kipimo na bila kukatizwa. Kwa thuluthi moja hivi ya wagonjwa dawa hazitoshi, lakini walio wengi hupona mianguko wakitibiwa vema. Asiache dawa ghafula, wala asiogelee Mto Pangani peke yake.

Mtume s.a.w. alifundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake. Kuitafuta ni ibada, na kuomba dua ni ibada. Moja haiondoi nyingine. Mwenyezi Mungu amponye mtoto huyo, na atuondolee sisi maradhi ya kuwakimbia wagonjwa wetu. Amin.