Mshale Ukishatoka

Tunapozungumza juu ya wema na ubaya, mara nyingi twachukua mifano ambayo mwisho wake unajulikana. Mtu ameiba, na mwenye mali amepoteza. Mtu amesaidia, na mhitaji amepona. Lakini yako matendo mengi ambayo mwenye kuyatenda hauoni mwisho wake. Tendo limetoka mkononi mwake, naye amebaki amesimama, hajui kama ameleta heri au madhara. Je, mtu wa namna hiyo anadaiwa nini? Swali hili twapenda kulitazama kwa mfano ulio mbali na vijiji vyetu, lakini ulio wazi sana: mtu anayejifunza kuwinda ayala kwa upinde huko Marekani.

Ayala twamjua kwa jina kutoka katika Zaburi, ingawa wengi wetu hatujamwona kwa macho. Yule wa Marekani ana mkia mweupe upande wa chini, ambao huuinua kama bendera anapokimbia. Pembe za dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki wachache sana, kwa kuwa waliwindwa bila kiasi ili kuuza nyama na ngozi. Sheria zikawekwa, na leo wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi. Mbwa-mwitu waliokuwa wakiwala wametoweka katika sehemu nyingi, hivyo ayala huharibu mashamba, hula miche ya misitu, na hugongwa na magari barabarani. Basi kila mwaka, majani yanapopukutika, majimbo hutoa leseni za kuwinda, na nyama huliwa nyumbani. Jimbo la Wisconsin lilitangulia kuweka msimu wa upinde peke yake, mwaka 1934.

Elimu hii ya upinde ilirudi kwa njia ya ajabu. Mwaka 1911 alitokea katika mji wa Oroville, California, mtu mmoja wa kabila la Yahi. Watu wake walikuwa wameuawa na kwisha, akabaki peke yake. Wataalamu wa chuo kikuu walimwita Ishi, maana yake "mtu" katika lugha yake. Alikaa San Francisco hadi alipofariki kwa kifua kikuu mwaka 1916. Daktari aliyemtibu, Saxton Pope, akawa mwanafunzi wake, akajifunza kwake kuchonga upinde na kuwinda. Mwaka 1923 Pope alitoa kitabu kilichowafundisha wengi, na mwaka 1925 alifika hata Tanganyika pamoja na mwenzake Arthur Young kuwinda simba kwa mishale. Lakini sikilizeni jambo hili: kwenye shabaha ya mbali wanafunzi walimshinda mwalimu wao. Mwituni Ishi ndiye aliyekuwa bingwa, kwa kuwa alijua kunyamaza, kungoja, na kusogea karibu kabisa. Wahenga wetu walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mwanafunzi wa leo ana upinde wenye kapi, uliobuniwa na Holless Allen wa Missouri katika miaka ya 1960, ambao humpunguzia uzito akishauvuta hadi mwisho. Hata hivyo somo ni lile lile. Hupiga shabaha kwa miezi mingi, na kipimo chake ni duara la ukubwa wa sahani, upana wa sentimita 20 hivi, kwa maana ndio ukubwa wa mahali penye moyo na mapafu ya ayala. Umbali ambao hawezi tena kuipata sahani hiyo kila mara ndio mpaka wake. Kwa wengi wanaoanza mpaka huo ni mita 20 au pungufu. Anafundishwa kungoja mnyama aonyeshe ubavu. Ayala akimwelekea uso kwa uso, asipige. Akiwa anakimbia, asipige. Likiwapo tawi katikati, asipige. Sehemu kubwa ya elimu hii, ndugu zangu, ni elimu ya kuacha.

Lakini hata aliyejifunza vema hawezi kuyatawala yote. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 80 kwa sekunde, na sauti huenda kama mita 340. Kwa hiyo ayala aliye mita 20 husikia mlio wa kamba kabla mshale haujamfikia. Katika robo hiyo ya sekunde hujikunja ili aruke, na mshale uliolengwa kwenye mapafu ukapita juu, au ukaingia tumboni. Kisha ayala anatokomea kichakani, na msitu unakuwa kimya kama kwanza. Mpigaji hajui amefanya nini.

Hapo inambidi asome alama. Mshale huua kwa kukata na kutoa damu. Ukipita katika mapafu yote mawili, mnyama huanguka upesi, pengine kwa sekunde chache tu. Ukiingia kwenye ini, huchukua saa kadhaa. Ukiingia tumboni, aweza kuteseka siku nzima. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu. Damu iliyoiva, ya kuelekea weusi, ni ya ini. Majimaji ya kijani yenye harufu mbaya kwenye mshale ni ya tumbo. Hata nywele zilizoanguka husema: za kahawia ni za ubavu, nyeupe ni za chini ya tumbo. Na mwindaji hufundishwa kungoja kwa kadiri ya alama hizo: nusu saa kwa mapafu, saa nne au zaidi kwa ini, na saa nane hata kumi na mbili kwa tumbo. Sababu yake ni kwamba ayala aliyejeruhiwa tumboni, asipofukuzwa, hulala karibu. Akishtuliwa huinuka, akaenda mbali pasipo kuacha damu ya kumfuatia, akafia mahali asipoonekana kamwe.

Wawindaji wa kwetu wanalijua jambo hili. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wakimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, hawamkimbilii. Mwindaji hurudi kambini, na baadaye huenda pamoja na wenzake kufuata nyayo.

Hapa ndipo tunapolifikia swali letu. Moyo wa mpigaji unamwambia: kimbia, mfuate, maliza. Ukimwona utadhani ni huruma. Lakini hebu tuutazame vizuri moyo huo. Kukimbia kutamzidishia ayala mateso, naye amefundishwa hivyo na anajua. Anataka kukimbia kwa sababu hawezi kuvumilia kutokujua. Mzigo anaotafuta kuutua ni wake mwenyewe, na mahali anapotaka kuutua ni mgongoni mwa yule aliyemjeruhi. Majuto ni kitu chema, lakini yakitafuta kwanza raha yao wenyewe huweza kudhuru mara ya pili. Kwa hiyo huruma ya kweli yaweza kuonekana kama ubaridi: mtu ameketi chini ya mti, giza linaingia, naye hafanyi neno.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kungoja daima ni wema. Mvua yaweza kuja ikaosha damu. Mbweha waweza kumpata kwanza, au joto likaiharibu nyama. Tena yuko mtu anayengoja kwa kuwa amechoka na chakula kiko tayari nyumbani. Na katika kusoma alama macho hupenda kuona linalotakiwa na moyo: damu nyeusi ikaitwa nyekundu, na mate kidogo yakaitwa povu. Hakuna kanuni itakayomwondolea mtu kazi ya kujiuliza kwa uaminifu: huku kungoja kwangu, au huku kwenda kwangu, ni kwa faida ya nani?

Saa ikifika, hana budi kutafuta. Huenda kwa magoti, akiweka alama kila penye tone. Huita majirani. Majimbo mengi huruhusu mbwa wa kufuata damu. Ayala akiwa amevuka mpaka wa shamba la mtu mwingine, hupaswa kubisha hodi na kusema wazi alichofanya, jambo ambalo wengi huliona gumu kuliko kutambaa miibani. Sheria za majimbo kadhaa zinamtaka afanye bidii ya kumpata mnyama, lakini sheria haina macho msituni. Aldo Leopold, mtaalamu wa wanyamapori aliyewinda kwa upinde yeye mwenyewe, alieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949 kwamba mwindaji kwa kawaida hana watazamaji, basi mwamuzi wake ni dhamiri yake tu.

Mwingine atasema, kwa nini asiache kabisa? Huko England sheria ya mwaka 1963 ilikataza kupiga ayala kwa mishale, kwa kuyaogopa mateso haya haya. Hoja hii ina uzito, wala hatutaki kuipuuza. Twaweza kujibu kwamba risasi nayo hujeruhi, na kwamba ayala wasiowindwa hufa kwa njaa ya majira ya baridi au kwa magari. Lakini kifo kibaya cha njaa hakimpi mtu ruhusa ya kuleta kifo kibaya cha mshale. Jibu tunaloliona sisi ni hili: anayestahili kuuvuta upinde ni yule tu aliyekwisha kukubali, kabla ya kuuachia, kwamba usiku wake, kazi yake ya kesho, na hata msimu wake wote, vyaweza kudaiwa na mnyama mmoja. Asiyekubali hayo, sheria ile ya England inamhusu, popote alipo.

Na je, asipomwona? Hili hutokea, hata kwa waangalifu. Siku mbili zimekwisha, mbwa amechoka, alama zimetoweka. Hapo majaribu mawili humjia. La kwanza ni kusema, "Bila shaka amepona." Ni kweli wengine hupona, na wawindaji wamewahi kukuta chembe ya mshale wa zamani ndani ya ayala mwenye afya. Lakini huyu hajui, na anajifanya anajua. Jaribu la pili ni kukata tamaa na kujichukia, akautupa upinde na kujiita mwuaji. Hilo lafanana na unyenyekevu, lakini limemweka tena yeye katikati, na ayala amesahauliwa.

Wako wawindaji wanaoshika njia ya tatu. Leseni ya mnyama mmoja bado wanayo, na pengine sheria ingewaruhusu kuendelea. Lakini wao huijaza kama kwamba ayala yule amepatikana, wakaacha kuwinda mwaka huo. Hawajiadhibu. Wanakataa tu kuihesabu shaka kwa faida yao wenyewe. Kisha hurudi kwenye sahani yao, kujifunza tena.

Basi, wapendwa, sisi tusiovuta upinde tuna mishale mingi. Neno tulilolisema juu ya jirani barazani limekwenda wapi? Mtoto tuliyemkemea kwa ukali akaondoka kwenda mjini, ushauri tuliompa mgonjwa, ushuhuda tulioutoa katika shauri la shamba: mengi ya hayo hatutauona mwisho wake. Yatupasa kwanza kuujua mpaka wetu, tusipige tusipoweza kulenga. Baada ya kupiga, tungoje ikiwa haraka ni ya kujituliza sisi, na tuinuke kutafuta ikiwa kungoja ndiko kunakotupa raha. Na pale ambapo hatutajua kamwe, tuandike deni upande wetu, tukaishi kama watu wanaodaiwa.