Usipime Katiba kwa Utamu wa Maneno

Mjukuu wangu, nimesikia mnavyobishana pale stejini Nanyuki. Mwenzako alidai kwamba Watanzania ni waoga, la sivyo baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 wangekimbilia mahakamani kama tufanyavyo Wakenya. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajafungua kitabu. Ibara ya 41(7) ya Katiba yao ya 1977 inasema kuwa Tume ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mlango haupo. Sisi kifungu cha 140 kinatupa siku 7 za kufungua kesi, na Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua. Ndiyo maana tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake waliweza kubatilisha uchaguzi wa rais aliye madarakani. Na majirani hawakulala. Rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka mlango huo ufunguliwe, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Ukitaka kulinganisha katiba mbili, mchukue mtu mmoja mwenye haja moja, umpitishe katika vitabu vyote viwili. Tazama anaingilia wapi, anakwama wapi, na nani ana uwezo wa kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Yale maneno mazito ya utu na usawa yaache kwanza. Kila nchi inayo.

Mchukue mwanamke anayetaka kuingia bungeni. Hapa usijivune sana, kwa sababu kifungu chetu cha 27 kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, ila njia ya kulitimiza hilo waliachiwa wabunge, nao wakashindwa mara kadhaa, hata Septemba 2020 Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Ile Katiba kuukuu ya Watanzania mnayoicheka, ibara ya 66, imetenga viti vya wanawake visivyopungua asilimia 30 ya wabunge wengine, na wamo ndani wamekaa. Utaniambia, guka, hao huletwa na chama na hawana jimbo. Kweli kabisa, liandike na hilo. Tena uandike kwamba mwanamke huyo akikosana na chama chake, kwetu atasimama kama mgombea huru. Kwao hawezi, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki.

Sasa ardhi, maana mtu wa Laikipia halipiti hilo. Tangu tarehe 27 Agosti 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya miaka 99, na zile hati za miaka 999 alizokuwa nazo zikashuka. Soma polepole lakini: kifungu cha 65 kinamgusa asiye raia. Mwenye ranchi ambaye ni Mkenya, hata kama babu yake alikuja na walowezi, ni raia kama mimi. Vijana wengi hupiga kelele kuhusu kifungu hiki bila kuona neno hilo. Ukitafuta jambo kama hilo katika Katiba ya Tanzania utachoka bure, kwa kuwa limo katika Sheria ya Ardhi ya 1999, inayotamka kuwa ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Katiba ikinyamaza, uliza jambo limehamia wapi, kwa sababu sheria ya kawaida Bunge huweza kuibadilisha kwa urahisi zaidi.

Siku mtakapobishana tena, Katiba yao isome kwa Kiswahili. Yetu ukiisoma kwa Kiswahili, weka na ya Kiingereza kando, kwani kifungu cha 259 kinasema nakala zikipingana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Jambo hilo linaniudhi hadi leo, lakini ndivyo tulivyopitisha.