Mafundo ya Moyo na ya Mwili
Msomaji wa pwani, aliyelelewa kujikinga kwa Sura ya Al-Falaq na shari ya wapulizao mafundoni, huenda akastaajabu kusikia kwamba wenye hekima wa Bara Hindi nao, tangu zama za Upanishadi, maandiko yao ya kale, walinena juu ya fundo la moyo, lisilofunguka ila kwa maarifa ya ile haki ya milele. Svatmarama, katika kitabu chake cha yoga, Hatha Yoga Pradipika, cha karne ya 15, ataja mafundo matatu mwilini, la Brahma, la Vishnu na la Rudra, ambayo mwenye kufanya riadha ya yoga hana budi kuyapenya moja baada ya moja.

Ajabu ni kuwa dawa ya fundo imekuwa fundo: katika pasasana, mkao wa yoga uitwao wa kitanzi, mtu huchutama, akakipinda kiwiliwili upande, mkono mmoja ukazunguka magoti kwa mbele, wa pili ukapita mgongoni, vidole vikashikana, naye atakiwa avute pumzi taratibu hali kifua kimebanwa. Kwa rai yangu, faida haimo katika kujisokota, jambo ambalo mwanasarakasi hulifanya kwa ujira, bali katika ile nukta ambapo pumzi hukwama na mtu hulazimika kuitafuta upya.