Mji Uliojengwa kwa Machozi

Mwaka 1929, katika nyika iliyo karibu na milima ya Urali nchini Urusi, serikali ya Stalin ilianza kujenga mji wa Magnitogorsk kando ya mlima wenye madini ya chuma. Wapo waliokwenda kwa hiari, vijana waliojaa tumaini. Lakini maelfu walikuwa wakulima walionyang'anywa mashamba yao na kupelekwa huko kwa nguvu. Baridi kali iliwakuta ndani ya mahema, na wengi walikufa, watoto wakiwemo. Mwaka 1932 tanuru la kwanza liliwashwa.

Hitler alipoivamia nchi hiyo mwaka 1941, chuma cha pua cha Magnitogorsk kilitengeneza vifaru vilivyosaidia kumshinda. Je, ushindi huo unahalalisha machozi yale?

Wengine hujibu ndiyo. Mimi naona tujifunze kwa Yusufu. Mungu aliutumia uovu wa ndugu zake kuwaokoa watu wengi na njaa. Hata hivyo, ndugu wale hawakuwa na haki ya kumuuza. Wema ulikuwa wa Mungu, dhambi ilibaki yao. Walihitaji msamaha, si pongezi.

Nasi pia tunajenga: nyumba, shule, hata makanisa. Kabla ya kusema kwamba matunda yatakuwa mema, tumtazame anayebeba zege. Kila mtoto aliyezikwa katika nyika ile, Kristo alimfia. Hakuumbwa awe tofali la mji wa mtu mwingine.