Dinari Mbili za Msamaria

(Luka 10:30–35)



Habari ya Msamaria twaijua sote. Hata hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971, ilianzishwa na shirika lililojiita kwa jina lake. Lakini tukiisoma habari ile, mara nyingi twaishia kwenye mafuta na divai, nasi twausahau mstari wa 35. Asubuhi yake Msamaria alimlipa mwenye nyumba dinari mbili ili amwangalie yule majeruhi, na kwa gharama itakayozidi akajifunga kulipa siku ya kurudi kwake.

Hakumwambia yule mtu kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, basi aifanye bure. Rehema ilikuwa yake, na gharama vilevile ilikuwa yake. Tena dinari moja, kama tujuavyo katika mfano wa shamba la mizabibu, ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima.

Siku hizi vijana wetu husoma uuguzi miaka 3 wapate stashahada. Wazazi huuza kahawa na ndizi za kihamba, pengine na ng'ombe, ili walipe karo. Kijana akimaliza, huenda akaambiwa ajitolee kwanza, mwezi baada ya mwezi, kwa nauli tu. Ama huajiriwa kwa mshahara mdogo, na akiuliza, huambiwa kwamba uuguzi ni wito. Kweli, ni wito. Hata uchungaji ni wito, wala hakuna usharika umwambiao mchungaji kwamba watoto wake wasile. Katika sura ile ile ya 10, mstari wa 7, Bwana awafundisha aliowatuma kwamba kazi yao ina haki ya ujira.

Basi, mshahara wa haki wa kuanzia ni upi? Naona vipimo vitatu.

Kwanza, umtoshe kwa chumba, chakula na nauli ya zamu ya usiku bila kukopa kabla ya mwezi kwisha, tena abaki na kidogo cha kuwapelekea wazazi.

Pili, usiwe aibu mbele ya jirani. Mwaka 2025 Serikali ilipandisha kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Hicho ni kima cha mtumishi wa chini kabisa. Tukimpa mwuguzi mwenye stashahada pungufu ya hicho, tumesema nini juu ya kazi yake?

Tatu, ulipwe kwa siku yake. Torati hairuhusu kuushika ujira wa mtu hata kwa usiku mmoja (Walawi 19:13).

Mtu atauliza: Hospitali zetu za mlimani zapokea maskini wengi, fedha zitoke wapi? Swali hili ni la kweli, na wasimamizi hulibeba kwa uchungu. Lakini maskini akitibiwa kwa bei ndogo, na mwuguzi akapunjwa, ni nani aliyemhurumia maskini yule? Ni mwuguzi, wala si sisi. Sisi twapata sifa, na rehema imetoka katika chungu chake.

Wazee wetu waliochimba mifereji ya mlima huu walijua neno hili: aliyeshika jembe siku ya kuchimba hupata zamu yake ya maji. Haambiwi atosheke kwa kuitazama migomba ya wenzake ikinawiri.

Kwa hiyo, enyi wazee wa kanisa, sadaka ya hospitali isiwe masazo ya hesabu zenu. Enyi wainjilisti, wafundisheni watu kwamba huruma ina gharama, na gharama hiyo ni yetu sote. Nanyi wauguzi, mkidai haki yenu, daini kwa wasimamizi. Mgonjwa asilipizwe kwa maneno makali.

Msamaria aliahidi kurudi. Nasi twamngoja Bwana atakayerudi na kuikagua hesabu. Asije akalikuta jina lake limeandikwa mlangoni, na zile dinari mbili zingali mfukoni mwetu. Amin.