Faili la Haraka, Hasara ya Wengi

Septemba 2015 wataalamu wa usalama wa mitandao nchini China walibaini jambo lililoishtua kampuni ya Apple. Programu nyingi za iPhone, ikiwemo WeChat ambayo Wachina wanaitegemea kwa mawasiliano ya kila siku, zilikuwa na msimbo wa siri ndani yake. Msimbo huo ulikusanya taarifa za simu na kuzituma kimyakimya kwa watu wasiojulikana. Wenye programu hawakuwa na habari. Apple yenyewe ilikuwa imezikagua na kuzipitisha.

Chanzo cha mkasa huo ndicho kinachonifikirisha hadi leo. Anayetengeneza programu za iPhone huhitaji zana iitwayo Xcode, na Apple huitoa bure. Lakini faili lake ni kubwa, gigabaiti kadhaa, na kwa walioko China kulipakua kutoka kwa Apple kulichukua muda mrefu mno. Mtu mmoja akaweka nakala kwenye hifadhi ya faili ya kampuni ya Baidu, ambako ilishuka kwa kasi. Nakala hiyo alikuwa ameichakachua, hivyo kila programu iliyoundwa nayo ilizaliwa na maradhi. Kompyuta za Apple zina kinga inayokataa programu isiyo na sahihi halali ya mwenyewe. Waliokuwa na haraka waliizima. Nyaraka zilizotolewa mahakamani mwaka 2021, katika kesi ya kampuni ya Epic dhidi ya Apple, zilionyesha kuwa watu milioni 128 walikuwa wamepakua programu hizo, ambazo zilizidi 2,500.

Tumezoea kudhani kwamba wanaonaswa na faili chafu ni washamba wa teknolojia. Hawa walikuwa wahandisi. Kilichowaponza ni kukosa subira. Na hasara haikuwafika wao tu. Iliwafika mamilioni waliofuata taratibu zote, waliopakua programu mahali panapostahili, wakaponzwa na haraka ya mtu wasiyemjua. Ndiyo maana naamini kuwa uangalifu mtandaoni ni suala la uadilifu kabla ya kuwa suala la ufundi.

Huku kwetu mambo hayana tofauti kubwa. Bando ni ghali, na programu za kulipia ni ghali zaidi. Kijana anayefungua steshenari hutafuta programu ya kuchapia iliyovunjwa ulinzi, na maelekezo yanayoambatana nayo humwambia azime kwanza antivairasi. Sharti hilo peke yake lingetosha kumrudisha nyuma, kwani aliye na nia njema haanzi kwa kukuomba umfukuze mlinzi. Kwenye kompyuta hiyohiyo jirani zake wataleta vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho, barua za kazi na flashi zao. Wote hao wamemwamini bila kujua alichokiweka ndani.

Mwalimu naye anatafuta mitihani iliyopita. Anakuta tovuti yenye vitufe vitatu vya kupakua, na faili linaloshuka linaishia na .exe badala ya .pdf. Hiyo ni programu, wala si mtihani. Mwingine anatumiwa APK, yaani faili la kusakinisha programu ya Android, ya kutazama mpira kwenye kundi la WhatsApp. Anaisakinisha, nayo inaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake mfupi, mahali ambapo benki humtumia namba za kuthibitisha malipo. Programu ya kutazama mpira ina haja gani na ujumbe wa benki?

Umaskini si kosa, na wala haulazimishi mtu kuokota kila kitu. LibreOffice kwa kuandika, GIMP kwa picha na VLC kwa video ni programu za bure na za halali, na wenyewe wanazitoa kwenye tovuti zao. Zinachotaka ni muda wa kuzitafuta pale zinapotoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujabonyeza jiulize: nani ameliweka faili hili hapa, na anapata nini? Ukikosa jibu, liache. Ukiwa tayari umelisakinisha, liondoe, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, na uwaambie uliowatumia. Usione aibu kuwaambia. Ni haki yao kujua.